Mikono Kwapani

Mwalimu mkuu msaidizi aliikunja karatasi mara moja, akachukua mkasi, akakata nusu duara kwenye mkunjo. Kipande kilichotoka akakitia mfukoni. Karatasi ikabaki mezani, bado imekunjwa, na kando yake akaweka kadi yenye picha nne.

"Haya. Nikiikunjua hii karatasi, itafanana na picha ipi?"

Mtoto aliitazama karatasi, kisha kadi, kisha karatasi tena. Mikono yake ilikuwa kwapani, wa kulia umejificha kushoto na wa kushoto umejificha kulia, kama mtu anayesikia baridi, na chumba chenyewe kilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho mgongoni. Alikuwa na miaka sita na miezi minane. Nywele zimesukwa, gauni limepigwa pasi, soksi nyeupe pe. Ukimwona ungesema huyu ni mtoto wa kupigiwa mfano, na kusema kweli mtaa mzima ulisema hivyo.

Mama yake alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Alikuwa fundi cherehani, mwaka wa kumi na sita huo yumo kazini, na swali lile kwake lilikuwa sawa na kuulizwa jina lake. Kukunja kitambaa, kukata upande mmoja, kukunjua, shingo ya gauni ikatoka ya duara: ndiyo kazi iliyokuwa ikiwalisha. Duara, mwanangu, alisema moyoni. Duara moja katikati. Jamani, sema duara!

"Hiyo," mtoto alisema, akaonyesha kwa kidevu.

"Hiyo ipi? Onyesha kwa kidole."

Mtoto akazidi kubana mikono.

"Mama," mwalimu alimgeukia fundi, "huyu mtoto ana vidole?"

"Anavyo, mwalimu."

"Basi mimi sijaviona tangu aingie."

Maswali yalikuwa kumi na mawili. Kulikuwa na kiatu kilichochorwa kimesimama, halafu kimelala ubavu, halafu kimepinduliwa; ilitakiwa mtoto aseme kama ni kile kile cha mguu ule ule. Kulikuwa na karatasi za kukunjwa mara mbili. Akapata moja, na hiyo moja fundi aliona wazi kwamba alibahatisha.

"Kuhesabu anahesabu, herufi anazijua," mwalimu alisema huku akiandika. "Lakini kichwani kwake vitu havigeuki. Ukimgeuzia kitu kidogo tu, amepotea. Kalamu nayo hataki kuishika. Huyu namwandika darasa la nyuma."

Darasa la nyuma lilikuwa chumba nyuma ya jiko la shule. Waliokuwa humo waliitwa wazito. Walichambua maharage ya chakula cha wenzao, walifagia uwanja, waliimbishwa nyimbo mbili tatu, na wakishakuwa wakubwa kidogo walirudishwa kwao. Hakuna aliyewahi kumwona mtoto akitoka chumba kile kwenda darasa la kwanza.

Fundi alisimama. Alijua namna ya kuongea na wateja wakorofi, lakini mbele ya mtu mwenye kalamu nyekundu ulimi wake ulikuwa mzito, tangu utotoni.

"Mwalimu, nakuomba. Mjaribu tena siku nyingine."

"Usajili unafungwa baada ya wiki tatu. Mlete siku hiyo. Ila akishindwa, usije kunililia hapa."

"Ndiyo, mwalimu. Asante, mwalimu."

Akashukuru mara tatu, hadi akajichukia mwenyewe.

*

Nje, kwenye varanda, alikuwepo mtaalamu wa watoto, mwanamke wa makamo aliyekuja shuleni hapo mara moja kwa mwezi kuangalia wenye matatizo ya macho, masikio na maungo. Alikuwa ameona kila kitu kupitia dirishani.

"Samahani, mama. Mnamfunga mikono huyu mtoto nyumbani?"

Fundi alihisi damu ikimpanda usoni. "Nimfunge mikono? Mimi? Hata kofi sijawahi kumpiga!"

"Usikasirike. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Hebu fumba macho. Nimekuletea kitambaa mita mbili, nataka sketi ya marinda. Usiseme neno. Ikate kichwani tu."

Fundi alifumba macho kwa shingo upande. Akakiona kitambaa. Akakinyoosha, akapima kiuno, akaanza kukata.

"Sasa fumbua, utazame mikono yako."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetandaza kiganja juu ya paja, unanyoosha kitambaa kisichokuwepo. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikifunga na kufungua kama mkasi. Fundi akavikunja kwa haya.

"Wala usione haya," mtaalamu alisema. "Miaka yote hiyo, na bado ukikata kichwani mikono inataka kukata. Mtoto naye hapo ndipo anapoanzia. Anakigeuza kitu mkononi, anakiangusha, anakichafua, anakipindua mara mia, halafu siku moja unamkuta anakigeuza kichwani bila kukigusa. Huyu wako atageuza nini kichwani, na mikono yake haijawahi kugeuza kitu?"

"Kwa hiyo hana akili?"

"Akili anayo, tena nyingi. Mpe vitu ashike. Chochote. Na ukimwona anachezesha vidole wakati anafikiri, mwache. Usimkataze hata kidogo, umenisikia?"

Fundi alimsikia. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa akimsikia, na mtoto akitembea kando yake, mikono kwapani, akiruka vidimbwi vya maji ili asichafue soksi.

*

Nyumbani chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, vitambaa vyeupe ukutani vimefunikwa kwa shuka, kwa sababu fundi huyu alisifika kwa nguo za harusi. Na kwenye kona, kiti kidogo cha mbao. Mtoto alikuwa na miaka miwili alipolivuta gauni la mteja kwa kiganja chenye uji. Mteja alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, na fundi akashona gauni jingine bure. Tangu siku hiyo neno likawa moja: Mikono! Mtoto akisikia neno hilo anairudisha kwapani. Na akinyoosha shingo kutazama lesi au vifungo, anaambiwa la pili: Usiguse, ni cha watu.

Kulishwa alilishwa kwa kijiko ili makombo yasidondoke. Vifungo alifungwa, viatu alivalishwa, uso alioshwa, kwa sababu mama alikuwa na haraka na mtoto mdogo ana mikono ya polepole. Wateja walimpenda kupita kiasi. Bi Harusi, walimwita, kwa vile alikaa kitako siku nzima kama bibi harusi anayetazamwa. "Fundi, umemlea! Wa kwangu angeshakata pazia!" Fundi alicheka na kuona fahari. Hebu fikiria, aliona fahari kweli.

Baba Bi Harusi alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kiliegemea ukuta ule ule wa duka, kwa nje, nati na spoku na minyororo imetawanyika kwenye turubai. Aliposimuliwa yaliyotokea shuleni hakuinua macho kwenye tyubu aliyokuwa akiibandika kiraka.

"Miaka minne nakuomba mtoto aje akae na mimi hata saa moja. Jibu lako nini? Grisi."

"Na grisi si grisi? Akirudi akagusa nyeupe ya watu, utailipa wewe?"

"Sawa. Basi nenda kamwambie mwalimu kwamba mwanao ni msafi."

"Unanisimanga?"

"Nakuuliza. Kati yako na mimi, mikono ya watu wawili, sote mikono ndiyo inayotulisha, na mtoto hajui kufunga kifungo. Ungemwambia mtu, angeamini?"

Fundi akamwita mtoto, akamkalisha kwenye turubai, na gauni lake safi, katikati ya minyororo. "Leo ruksa," alimwambia. "Shika unachotaka."

Bi Harusi aliwatazama wote wawili. Aliingiza mikono kwapani, akakaa hivyo hadi jioni.

*

Siku ya tatu ndipo alipoigusa nati. Baba yake hakumwambia kitu. Aliiacha iviringike hadi mguuni kwake, akajifanya anatafuta spana. Mtoto aliisukuma kwa kidole kimoja, akavuta mkono haraka, akageuka kutazama mlango wa duka. Fundi alikuwa amesimama pale. Neno lile lilishafika ulimini. Akaling'ata, akarudi ndani, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asione.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Wiki ya pili mtoto alikuwa anafungua nati na kuifunga, ulimi nje, jasho puani. Alizidondosha mara nyingi kuliko alivyozishika. Alijibana kidole akalia, akanyamaza mwenyewe, akarudia. Baba alimfunga macho kwa kitambaa akampa vyuma: hiki nini? Pedeli. Na hiki? Breki. Kikiwa wima au kichwa chini? Mtoto alikigeuza mkononi, akacheka. Fundi alikisikia kicheko kile kupitia ukutani, akajiuliza lini mara ya mwisho alikisikia.

Siku moja baiskeli ilikuwa imepinduliwa, imekalia kiti na usukani, magurudumu juu, kama kawaida ya mafundi. Baba akauliza, "Mwanangu, nikiisimamisha na wewe ukaipanda, mnyororo utakuwa mguu gani?"

Mtoto aliutazama mnyororo. Mikono yake miwili ikapanda hewani, ikashika baiskeli ambayo haipo, ikaipindua polepole. Fundi, aliyekuwa ametoka kuanika shuka, alisimama na maji yakimchuruzika viwikoni. Mwenyewe ilibidi afikirie.

"Mguu huu," Bi Harusi alisema, akajipiga paja la kulia.

Baba aliisimamisha. Mnyororo ulikuwa kulia.

"Loo!" baba alipaza sauti. "Mama, njoo uone fundi mwenzako!"

Jioni ile walikunja magazeti ya zamani hadi yakaisha. Fundi alikata, mtoto akachezesha vidole hewani kama anayefungua kitabu, akasema kabla karatasi haijafunguliwa: duara moja, matundu mawili, nyota. Alikosea mara mbili kati ya ishirini. Na kabla ya kulala alijifungua vifungo vya gauni mwenyewe, vinne kati ya sita. Fundi alisingizia kwamba anakwenda kuchota maji, akaenda kulia uani.

Asubuhi ya pili yake akakata sare ya shule. Hakusubiri majibu. Aliitia vifungo sita mbele, mahali ambapo zamani angeweka zipu.

*

Mteja mmoja alikuja kujaribu gauni lake la harusi siku mbili kabla ya mtihani. Akamkuta mtoto mlangoni, mikono myeusi hadi viwikoni, mchirizi wa grisi shavuni.

"Fundi! Huyu ndiye Bi Harusi? Mmemfanyaje?"

"Anacheza kidogo na baba yake."

"Mh. Na gauni langu liko humo humo ndani?" Aliinua shuka, akakagua kitambaa inchi kwa inchi, akakinusa. Hakuna doa. "Mimi sisemi kitu. Lakini zamani hapa palikuwa pasafi, bwana. Nitalichukua lilivyo, nitamaliziwa kwingine."

Akaondoka nalo begani. Fundi alimsindikiza hadi nje akitabasamu, kisha akarudi akamtazama mwanawe. Mtoto alikuwa ameshaingiza mikono kwapani, na grisi imelipaka gauni pande zote mbili.

"Itoe mikono," fundi alisema. "Si kosa lako. Itoe, mama." Lakini sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia.

*

Siku ya mtihani alimkwangua vidole kwa mafuta ya taa na sabuni hadi vikawa vyekundu. Baba akasema mwache hivyo hivyo, akaambiwa wanakwenda kwa watu waliosoma, hawaendi gereji. Mtoto alivaa sare mpya. Alifunga vifungo vitano mwenyewe. Cha juu kabisa mama alimmalizia, kwa haraka.

"Mtaalamu yupo leo?" fundi aliuliza walipoingia.

"Mtaalamu wa nini? Yule huja mwanzo wa mwezi," mwalimu mkuu msaidizi alijibu. Aliitazama sare ile juu hadi chini. "Naona mmeshajisajili wenyewe." Mwalimu mwingine aliyekuwa akipanga mafaili akacheka.

Karatasi ikakunjwa. Mkasi ukakata. Kadi ikawekwa.

Bi Harusi alitoa mikono kwapani. Aliinua viganja viwili, akavibandika pamoja, akavifungua polepole mbele ya uso wake. "Duara moja," alisema, na kidole chake chekundu kikagusa picha yenyewe.

Sawa. La pili, sawa. Kiatu kililala ubavu. Mtoto alikigeuza hewani kwa mkono, akakitia kwenye mguu usioonekana, akasema ni cha kushoto. Sawa. La nne nalo sawa: manne mfululizo. Fundi kwenye benchi alikuwa amebana magoti, anaomba kimya kimya, na vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pamoja na vya mwanawe bila yeye kujua.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Hii mikono ni ya nini?"

Mtoto akasita, viganja hewani.

"Mama, nakuuliza wewe. Nakuona na wewe huko unachezesha vidole. Mmefundishana ishara?"

"Hapana, mwalimu! Haki ya Mungu. Ni kwamba yeye, mtaalamu alisema..."

"Mtaalamu hatoi mtihani huu. Natoa mimi. Hapa napima kichwa, sipimi mikono. Mwambie mtoto aweke mikono yake vizuri, tuendelee. Au tufunge faili?"

Hapo ndipo palipokuwa pahali pake pa kusema. Maneno alikuwa nayo yote. Angeweza kusema: anaona kwa mikono, mwalimu, kama mimi, kama wewe ulivyokuwa mtoto. Angeweza kusema hatutoi, funga faili lako, nitamsubiri mtaalamu hata mwaka. Alimtazama yule mwalimu, kalamu nyekundu, mwenzake aliyeacha mafaili ili asikilize. Ulimi ukawa mzito. Ukajiokotea neno lililokuwa karibu.

"Mikono!" alisema.

Lilitoka kama lilivyotoka siku zote, fupi na safi. Bi Harusi aligeuka akamtazama mama yake mara moja. Hakukuwa na lawama machoni mwake, na hilo ndilo lililomuua fundi. Alikuwa anahakikisha tu kama amesikia vizuri. Kisha mikono ikarudi kwapani, wa kulia kushoto, wa kushoto kulia.

"Vizuri," mwalimu alisema. "Mtoto mtulivu kabisa. La tano."

La tano alikosa. La sita na la saba alikosa. Kuanzia la nane hakujibu tena, alikuwa akiitazama karatasi iliyokunjwa kama anavyotazama lesi za wateja. Mwalimu alijumlisha, akageuza fomu upande wa fundi, akamwonyesha mahali pa kusaini.

"Nne kati ya kumi na mbili. Amejitahidi. Jumatatu mlete darasa la nyuma, apitie mlango wa jikoni. Na hiyo sare si lazima, kule wanavaa za nyumbani. Sare ni ya darasa la kwanza."

Fundi alisaini. Na kwa mazoea, jamani, kwa mazoea tu, akasema asante.

*

Baba alikuwa amesimama nje ya kibanda, spana mkononi. Alipowaona wanavyotembea alijua.

"Alisahau?"

"Hakusahau."

"Sasa?"

"Mwalimu alisema asitumie mikono."

"Na wewe ukamwambiaje?"

Mume alisubiri, akamtazama, akamtazama mtoto, makwapa yale mawili yaliyobanwa. Akainama, akaanza kukusanya nati zake moja moja na kuzitia kwenye kopo. Fundi angeona afadhali angemtukana.

Ndani ya duka mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha kona. Akakumbuka sare, akasimama mbele ya mama yake, akainua kidevu kidogo, kama zamani, akisubiri kuvuliwa.

Fundi alipiga magoti mbele yake.

"Jifungue mwenyewe, mama. Si unaweza? Juzi ulifungua vinne. Leo vifungue vyote."

Mtoto hakutoa mikono.

"Toa mikono, mwanangu. Nakuomba. Mimi ndiye nasema toa. Shika kifungo hiki."

"Ni cha watu," Bi Harusi alisema.

"Si cha watu! Sare hii ni yako. Nimeikata kwa mkono wangu, nimekushonea wewe, hakuna mwingine."

Mtoto alifikiri. Vidole vyake havikutikisika hata kimoja.

"Mwalimu amesema ni ya darasa la kwanza."

Nje kopo la nati liligongwa kifuniko. Fundi akashika kifungo cha juu, akakifungua, kisha cha pili, cha tatu, hadi vyote sita, na mtoto alisimama wima bila kujitikisa, mtulivu, mikono kwapani, akimrahisishia mama yake kazi.